Desemba hii, mpeleke mwenzako ziwani

Msomaji mpenzi, kabla hujapanga likizo yako ya mwisho wa mwaka, hebu jiulize swali moja. Tangu Januari, ni siku ngapi umekaa na mume wako au mke wako mchana kutwa, bila kazi, bila simu ya ofisini na bila mgeni sebuleni? Wengi wetu tuishio mijini huonana na wenzetu kama mabawabu wa zamu. Mmoja anaingia, mwingine anatoka, na wanachoachiana mlangoni ni funguo na habari za karo.

Kisha Desemba hufika, nayo si yetu. Ni ya wazazi wa upande huu na wakwe wa upande ule. Ni ya arusi, ya harambee na ya matanga. Watu wawili hupanda basi la usiku wakiwa wamechoka, na ifikapo Januari hurudi mjini wakiwa wamechoka zaidi, mifuko imetoboka na hawajazungumza lolote la maana. Sisemi tuwasahau wazazi. Asiyerudi kwao ni mtumwa, na kuku wa Krismasi hana ladha akiliwa mbali na nyanya. Ninachosema ni kwamba kati ya siku mnayofunga kazi na siku mnayotarajiwa nyumbani, kuna siku nne au tano ambazo wawili wenye akili wanaweza kuziiba. Leo ningependa kukuonyesha mahali pa kuzitumia: Port Victoria, katika Kaunti ya Busia, na visiwa vilivyo mbele yake.

WENZETU HUKIMBIA THELUJI

Huko Ulaya na Amerika ya Kaskazini, Desemba ni mwezi wa baridi kali. Jua huchomoza limechelewa na kutua mapema. Wenye uwezo huchukua wake zao au waume zao, wakapanda mashua za tanga na kuzunguka visiwa vya Karibi, leo kisiwa hiki, kesho kile. Wamechagua majira hayo kwa hesabu. Msimu wa vimbunga katika bahari ile huhesabiwa kuwa umekwisha mwishoni mwa Novemba, na baada ya hapo pepo hutulia na kuvuma upande mmoja kwa wiki nyingi. Hapa kwetu pwani, mabaharia wa Lamu na Unguja nao huijua Desemba kama mwezi wa kaskazi, upepo uliokuwa ukileta majahazi kutoka Uarabuni.

Sisi wa bara hatuna theluji ya kukimbia. Tunachokimbia ni kelele. Aidha, wengi wetu tunadhani kuwa mashua na visiwa ni anasa ya watalii wa Malindi na Diani, na kwamba mtu asiye na pesa za hoteli ya pwani hana lake majini. Hayo si kweli. Ziwa Victoria lina ukubwa wa takriban kilomita 68,800 za mraba, na kwa upana wake ni la pili duniani miongoni mwa maziwa ya maji baridi. Kenya ina asilimia 6 tu ya ziwa hilo, iliyobaki ni ya Tanzania na Uganda. Hata hivyo, katika asilimia hizo 6 vimo visiwa vingi kuliko siku za likizo yako.

MJI ULIOKOSA RELI

Ukifika Busia mjini, pale malori yanapopanga foleni ya kuingia Uganda, usidhani umefika mwisho wa Kenya. Panda matatu iendayo kusini. Utapita katika vilima vya Samia, kisha nchi itashuka na kuwa bapa, na harufu ya samaki itakuambia kwamba Port Victoria i karibu. Hii ni nchi ya Wanyala, katika eneo la Budalang'i. Upande mmoja wana Mto Nzoia, upande mwingine kinamasi cha Yala, na mbele yao ziwa. Maji ndiyo baraka yao na ndiyo adui yao. Kwa miongo mingi wameishi nyuma ya kingo za udongo zilizojengwa kuuzuia Nzoia usifurike, na kingo hizo zimebomoka mara nyingi. Mwaka 2020, na tena 2024, ziwa lenyewe lilipanda likameza fuo, mashamba na nyumba. Kwa hivyo ukimsikia mzee wa huku akiyazungumzia maji kwa adabu, usimcheke.

Jina la mji lina kisa chake. Wakati Waingereza walipotuma watu mwaka 1892 kupima njia ya reli kutoka Mombasa, mwisho wa reli ulipangwa kuwa huku, katika ghuba waliyoiita Berkeley. Baadaye iligunduliwa njia fupi zaidi ya kulifikia ziwa, reli ikapindishwa, na tarehe 20 Desemba 1901 ikafika mahali palipoitwa Port Florence. Leo twapaita Kisumu. Kisumu ikawa jiji, nayo Port Victoria ikabaki na jina la malkia, soko la samaki na utulivu wake.

Utulivu huo ndio unaoufuata wewe. Gesti zipo, si za kifahari lakini za kulala. Chakula ni ngege aliyechemshwa kwa nyanya, pamoja na ugali wa kahawia wa muhogo na mtama, ambao ukiuzoea utauona ule mweupe wa mjini kama karatasi. Shukeni ufuoni Marenga jioni ya kwanza mkatembee. Usitarajie viti vya kuota jua na miavuli ya rangi. Ufuo wa huku ni mahali pa kazi. Wanaume wanashona nyavu, fundi anaziba nyufa za mashua, akina mama wameanika omena juu ya nyavu kuukuu na wanazipigia bei na wachuuzi. Salimieni watu kwanza, na msimpige mtu picha kabla ya kumwomba. Mke na mume wanaotembea tu, hawanunui wala hawauzi, ni kioja kidogo hapa. Baada ya maamkizi, hicho kioja huwa urafiki.

Kama mmefika katika siku za giza, mwezi ukiwa haujaandama, kaeni hadi usiku. Wavuvi wa omena hufanya kazi kwa taa, kwa kuwa samaki hao wadogo huufuata mwanga, na mwezi ukiwaka biashara huharibika. Mtaona taa mia na zaidi zimetandazwa juu ya maji kama mji mkubwa ambao asubuhi haupo.

UPEPO WA KWENDA NA WA KURUDI

Sasa tuingie majini, na hapa nakuomba unisikilize vizuri, kwa kuwa siri yote ya safari iko katika aya hii. Nchi kavu hupata moto upesi na kupoa upesi. Maji hupata moto polepole na kupoa polepole. Usiku, nchi ikishapoa, hewa nzito hutoka bara ikateremka kuelekea ziwani. Mchana, nchi ikishapata moto, hewa ya juu ya nchi hupanda, na upepo wa ziwani huingia kujaza nafasi yake. Hivyo basi, tangu kabla ya mapambazuko hadi jua linapopanda, upepo humsukuma mtu nje. Kisha huwa shwari kwa muda. Ifikapo adhuhuri upepo hugeuka na kumsukuma mtu nyumbani.

Wavuvi wa tanga wameishi kwa kanuni hiyo tangu enzi za mababu. Upepo mmoja wa kwendea, mwingine wa kurudia, na katikati ni saa ya kungoja. Mwenye haraka hana nafasi katika ratiba hii. Akitaka kwenda saa ya kurudi, itambidi kubisha, yaani kuuendea upepo kwa kupinda kushoto na kulia, na mwendo wa saa moja utakuwa wa saa tatu. Injini zimeingia, ni kweli, na mashua nyingi za abiria leo hutegemea injini ya kufungwa nyuma. Lakini mashua za tanga hazijaisha. Ongeeni na wasimamizi wa ufuo, wale wa kamati ya BMU iliyopo katika kila ufuo wa uvuvi, wawaelekeze kwa nahodha mwenye mashua nzima yenye tanga na injini vyote viwili. Tanga ni la raha, injini ni ya dharura. Elewaneni bei, siku na chakula cha mabaharia kabla mguu haujaingia majini. Maneno ya bei yakifanyiwa katikati ya ziwa huwa na mshindi mmoja tu.

SUMBA, PENYE MPAKA

Safari ya kwanza iwe fupi. Kisiwa cha Sumba kinawafaa wanaoanza. Tokeni alfajiri na mrudi alasiri, kila upepo kwa zamu yake. Jifunzeni kukaa katika mashua. Usisimame ghafla, usiegemee upande mmoja wote wawili, na nahodha akisema inama tanga lipite, inama kwanza ndipo uulize.

Sumba ina jambo la kuwaambia wanafunzi. Mpaka wa Kenya na Uganda uliotangazwa na serikali ya kikoloni mwaka 1926 hutoka katikati ya mlango wa Mto Sio, ukaja hadi ncha ya kaskazini ya kisiwa hiki, ukafuata ufuo wake wa magharibi, kisha ukaelekea Mageta na visiwa vya kusini. Maana yake ni kwamba ukisimama upande wa magharibi wa Sumba na kutia mguu majini, mguu huo umeukanyaga mpaka. Ng'ambo ni visiwa vya Uganda. Sigulu ni mojawapo, na mbali zaidi kiko Lolwe, chenye michoro ya kale na mawe yanayolia kama ngoma yakigongwa.

Tamaa ya kuvuka itakushika. Izuie. Ni kweli kwamba tangu 2014 Mkenya anaweza kuingia Uganda kwa kitambulisho chake, na pale Busia kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa rasmi mwaka 2018 kimerahisisha mambo. Lakini majini hakuna dirisha la afisa wala bango. Wavuvi wa upande wetu wamekamatwa mara nyingi kwa kudaiwa kuvuka mstari usioonekana, na ugomvi wa kisiwa kidogo cha Migingo, uliowaka mwaka 2009, uliwaonyesha walimwengu jinsi mwamba mmoja unavyoweza kuzisumbua serikali mbili. Mkitaka Sigulu, anzeni kwa maafisa wa uhamiaji nchi kavu, mpate idhini, ndipo mtweke tanga.

MAGETA, PENYE KUNGOJA

Siku ya pili au ya tatu, mkishauzoea mwendo wa mashua, elekeeni kusini hadi Mageta, kisiwa kikubwa kilicho mbele ya Usenge katika Kaunti ya Siaya. Njiani mtaipita ikweta. Hakuna mtu wa kuwauzia cheti wala wa kuwaonyesha maji yakizunguka katika karai. Mnakula ndizi, mnazungumza, na mmeshaingia upande wa pili wa dunia.

Mageta leo ni kisiwa cha wavuvi na wakulima, chenye shule, maduka na makanisa. Lakini mzee yeyote wa Kenya akilisikia jina hilo hukumbuka mengine. Katika miaka ya hali ya hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ilikigeuza kisiwa hiki kuwa kambi ya kuwazuilia watu walioshukiwa kuwa wa Mau Mau, na jirani yake Saiyusi pia. Watu wa milimani, wengi wao wasiojua kuogelea, walizungushiwa maji badala ya ukuta. Walikuwemo wanaume walioacha wake zao katika vijiji vya kulazimishwa kule Kati, hawajui kama watawaona tena. Wawili mnaofika Mageta kwa hiari yenu, mmeshikana mikono, mkae kimya dakika moja kwa ajili ya hao.

Nitakusimulia, msomaji, yaliyotupata Mageta mimi na mume wangu, kwa sababu ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya. Ilikuwa tarehe 24 Desemba. Mume wangu ni wa Bunyala, na mama yake alikuwa akitungoja jioni hiyo, yeye pamoja na ndugu wote. Tulipanga kuufuata upepo wa alasiri. Saa saba nahodha wetu, mzee wa makamo asiye na maneno mengi, alitazama upande wa Uganda ambako wingu moja lilikuwa limekaa kama sufuria iliyopinduliwa, akaanza kulikunja tanga. Alisema hatuendi.

Mume wangu hakulipenda jambo hilo. Alieleza habari za mama yake, za kuku, za ndugu waliotoka mbali. Kisha akafanya kile ambacho watu wa mjini hufanya wakizuiwa: akaongeza bei. Nahodha alimsikiliza hadi mwisho, akamjibu kwa upole, "Mwanangu, hizo pesa nitazilia wapi?"

Basi mume wangu akapanda juu ya jiwe penye mtandao, akampigia mama yake simu ili amweleze kuwa mambo yameharibika. Nilikuwa karibu nikasikia. Mama mkwe wangu amezaliwa ziwani na amewahi kuwazika watu wa ziwani. Hakulalamika wala hakuuliza kuku afanywe nini. Aliuliza swali moja tu: nahodha anasemaje? Alipoambiwa, akasema, basi laleni huko, Krismasi haikimbii.

Ungependa nikwambie kwamba dhoruba ilikuja ikang'oa mapaa. Haikuja. Wingu lilizunguka, likanguruma, likaenda zake kusini, na ilipofika saa kumi na moja anga ilikuwa safi kabisa. Mume wangu alimtazama nahodha kwa jicho la mtu aliyetapeliwa. Nahodha alikuwa akiota moto na kuchoma samaki, hana habari. Nilielewa jioni ile kwamba mtu wa maji hapimi uamuzi wake kwa yale yaliyotokea, bali kwa yale yaliyokuwa yanawezekana alipouamua.

Usiku huo hatukuwa na la kufanya. Tulikaa juu ya mawe, mbele yetu taa za omena. Tuna kiwanja tulichokuwa tumekilipia kwa miaka mitatu bila kuafikiana tukifanyie nini. Yeye anataka nyumba, mimi nataka kukodisha tupate karo. Mjini tulikuwa tukilianza jambo hili na kuliacha, kila mara pana la haraka zaidi. Mageta hapakuwa na la haraka. Tulilizungumza hadi likaisha. Tulichoamua si cha gazetini, ila nakuhakikishia kwamba tusingekiamua barabarani tukienda Krismasi. Alfajiri tulirudi kwa injini, ziwa likiwa shwari kama uji uliopoa. Ibada tuliikosa, lakini kuku tulimkuta.

WENYE SIKU ZAIDI

Kama mna siku nyingine mbili tatu, msiishie Mageta. Vukeni hadi Usenge, mchukue gari kupitia Bondo hadi Luanda Kotieno, na hapo feri iwavushe hadi Mbita. Kutoka Mbita daraja linawaingiza Rusinga, kisiwa alichozikwa Tom Mboya baada ya kuuawa Julai 1969. Kaburi lake limejengewa jengo la kumbukumbu, na kijana asiyejua historia atatoka pale na maswali mazuri. Rusinga ndipo Mary Leakey alipovumbua mwaka 1948 fuvu la Proconsul, kiumbe jamii ya nyani aliyeishi yapata miaka milioni 18 iliyopita.

Kutoka Mbita kuna mashua za abiria hadi Mfangano, kisiwa cha milima cha Wasuba. Huko juu, Kwitone na Mawanga, kuna michoro ya duara nyekundu na nyeupe katika miamba, inayosemekana kuwa kazi ya Watwa walioishi hapa kabla ya wote. Karibu ni Takawiri, wenye mchanga mweupe na minazi. Mkiiona minazi ile, mtasahau kwa dakika kadhaa kwamba bahari iko mamia ya kilomita.

MAJI HAYANA MZAHA

Nimesifu vya kutosha, sasa nionye. Tarehe 21 Mei 1996 meli MV Bukoba ilizama karibu na kufika Mwanza, na mamia ya watu wakaangamia. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara, watu zaidi ya 200 wakafa huku ufuo ukiwa mbele ya macho yao. Katika misiba yote miwili kilio kilikuwa kilekile: chombo kilibeba kupita kiasi. Kama meli kubwa zilishindwa, mashua ya mbao yenye magunia, kreti za soda na watu thelathini itawezaje?

Kwa hivyo yashikeni haya. Kwanza, kila mmoja avae jaketi la kuokolea maisha, alifunge, na asilikalie kama mto. Kama mashua haina majaketi, haina abiria. Pili, mkiiona imejaa, shukeni. Aibu ya kushuka huisha jioni hiyohiyo. Tatu, msisafiri usiku. Dhoruba nyingi za ziwa hili huzaliwa katikati ya maji usiku na kabla ya mapambazuko, wakati hewa ya bara kutoka pande zote inapokutana. Msubirini nahodha aseme kuwa kumekucha salama. Nne, mwambieni mtu wa nchi kavu mnakwenda wapi na mnatarajiwa lini.

Kuna madogo pia yenye madhara makubwa. Msiogelee penye majani na maji yaliyotuama, kwa kuwa kichocho kipo. Mlango wa Nzoia ni mahali pa kiboko na mamba. Lala ndani ya chandarua, malaria ya huku haijui kwamba wewe ni mgeni. Maji ya kunywa yabebwe au yachemshwe. Bebeni sweta, kwani ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na alfajiri majini ni baridi. Kofia, simu ndani ya mfuko wa nailoni na pesa taslimu kidogo ndogo, vyatosha. Viatu vya ngozi viacheni kwa nyanya, pamoja na watoto.

NDOA NA MASHUA

Msomaji, huenda ukasema kwamba ni taabu nyingi kwa ajili ya raha kidogo. Lakini itazame mashua. Ni mbao chache zenye urefu wa hatua kumi. Huwezi kununa ukaenda chumba kingine. Huwezi kuwasha televisheni. Mmoja akihamia upande huu, mwingine lazima ahamie ule, la sivyo wote wawili wamelowa. Mmoja akichoka kukumba maji, mwenzake huchukua kopo. Na upepo ukikataa, ukubwa wa mtu haumsaidii, wala elimu yake, wala cheo chake. Wawili hukaa, wakangoja pamoja. Sijui shule ya ndoa iliyo rahisi kuliko hiyo, na karo yake hailingani na bei ya usiku mmoja katika hoteli kubwa ya pwani.

Lugha yetu ina neno moja, matanga, lenye maana mbili. Kuna matanga ya kukesha na wafiwa, na kuna matanga ya mashua. Ya kwanza yanatushughulisha Desemba baada ya Desemba, na hatuwezi kuyakwepa. Ya pili yamekunjwa Port Victoria, yanawangoja watu wawili waamke mapema.

Funga mkoba mdogo, mshike mwenzako mkono, na ukifika Marenga msalimie nahodha kabla hujamtajia pesa. Akisema twendeni, panda. Akisema ngojeni, ngoja. Safari njema na sikukuu njema!